Kubadilisha nibu ya kalamu uliyopewa zawadi

Kila msimu wa mahafali na sherehe za kuwaaga wastaafu, swali hunijia lilelile: "Fundi, nimepewa kalamu ya wino, nzuri mno, lakini inaandika manene kuliko mwandiko wangu. Nikibadilisha nibu, si nitakuwa nimeharibu zawadi ya watu?" Hujaharibu chochote. Nibu, ile ncha ya kuandikia, ni kifaa cha kubadilishwa, na watengenezaji wengi wazuri huuza kalamu moja ikiwa na nibu za upana tofauti kwa sababu hakuna mikono miwili inayoandika sawa. Kinachoniuma mimi ni kalamu ya thamani kulala ndani ya boksi lake miaka na miaka kwa kuwa mwenyewe anaona haya kuigusa.

Anayenunua zawadi mara nyingi hajui mwandiko wa anayemnunulia, na muuzaji naye humpa nibu ya kati, ile yenye herufi M. Hiyo inafaa kwa kutia sahihi na kuandika barua kwenye karatasi nzito. Ukiipeleka kwenye daftari letu la kawaida, lenye karatasi nyepesi na mistari iliyobanana, wino unatambaa, unatokeza upande wa pili, na herufi "a" na "e" zinajaa matumbo. Wenye mwandiko mdogo ndio huumia zaidi.

Itazame nibu yako vizuri kwenye mwanga. Utaona mpasuo mwembamba ukishuka hadi nchani, na nchani kabisa pana kitone cha madini magumu kilichochomelewa. Wino hushuka kwa kufuata mpasuo huo, na upana wa mstari hutokana na ukubwa wa kitone. Ndiyo maana huwezi kuifanya nibu nene iandike nyembamba kwa kuibana na vidole. Wapo mafundi wanaosaga kitone kikapungua, lakini kilichosagwa hakirudi, na kwa kalamu ya zawadi mimi hupendelea kubadilisha nibu nzima na kuihifadhi ile ya asili.

Herufi za upana huandikwa kwenye nibu yenyewe: EF ni nyembamba sana, F nyembamba, M ya kati, B pana. Shida ni kwamba herufi hizo hazina kipimo kimoja duniani. F ya Pilot au Sailor za Japani huandika nyembamba kuliko F ya kampuni za Ujerumani, kwa sababu Wajapani huandika herufi zenye mistari mingi ndani ya nafasi ndogo. Kwa hiyo mtu akiniambia "nataka F", swali langu la kwanza ni: F ya nani?

Kabla ya kununua chochote, kama kalamu imeshatiwa wino, jaribu wino mwingine na karatasi nyingine. Upo wino unaotiririka sana na upo mkavu, na mara nyingi kalamu inayolaumiwa kuwa nene inaandika vizuri tu kwenye karatasi iliyoshikamana.

Kama kalamu bado mpya kabisa, usiijaze wino. Baadhi ya kampuni kubwa hukubadilishia nibu bila malipo ndani ya wiki kadhaa tangu siku ya mauzo, ila huhitaji uthibitisho wa tarehe na hutaka kalamu ambayo haijatumika. Hapo ndipo watu wetu hukwama, maana kumwomba risiti aliyekupa zawadi ni kama kumuuliza bei. Angalia kwanza kijitabu cha dhamana ndani ya boksi. Mara nyingi duka limegonga muhuri na tarehe humo. Kama hakuna, mwambie mpaji ukweli kwa adabu: kalamu umeipenda, unataka kuitumia kila siku, na duka linataka tarehe tu. Sijaona mpaji aliyechukia kusikia hivyo.

Muda ukiwa umepita, jambo la kujua ni jinsi nibu ilivyoshikwa. Usivute kitu kabla hujajua.

Lamy Safari, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1980 na kampuni ya Lamy ya mjini Heidelberg, Ujerumani, ndiyo rahisi kuliko zote. Nibu yake ya chuma imevalishwa juu ya ulimi mweusi unaoleta wino. Bandika seloteipu juu ya nibu, ibane kwa kidole gumba na cha shahada, uvute moja kwa moja kuelekea mbele bila kuipinda. Mpya unaisukuma kwa kufuata kingo zilezile hadi ikome. Nibu hizo huingiliana na za AL-star, Vista na Studio, lakini si za Lamy 2000, ambayo ina nibu ya aina yake.

Pelikan za M400 na M800 zina utaratibu ninaoupenda kuliko wowote. Nibu na ulimi wake ni kipande kimoja chenye hesi, kinachofunguliwa na kufungwa kama skrubu. Toa wino wote, vuta na kutoa maji safi hadi yatoke meupe, kisha loweka sehemu ya mbele kwenye maji ya kawaida, si ya moto, ili wino uliokauka kwenye hesi ulegee. Sasa shika nibu pamoja na ulimi, vyote viwili, juu na chini, ndipo uzungushe kinyume cha saa. Ukishika nibu peke yake itateleza juu ya ulimi, mpasuo utatoka katikati ya ulimi, na wino utakataa kushuka. Ikigoma, rudisha kwenye maji. Usiongeze nguvu, na koleo lisikaribie hapo. Nibu ya M200 inaingia M400. Ya M800 ni kubwa, haiingii. Unapofunga mpya, ikishagota inatosha.

Montblanc Meisterstück usiifungue nyumbani. Namba 4810 iliyochorwa kwenye nibu yake, inayotokana na kimo cha mlima Mont Blanc kwa mita, watu wengi huipenda na kuionyesha, lakini nibu hiyo hushikwa kwa ndani na hufunguliwa kwa kifaa maalumu. Anayeivuta kwa mkono anaweza kupasua shingo ya kalamu, na shingo ni ghali. Ipeleke kwa wakala wa kampuni, au kwa fundi atakayekuonyesha kifaa hicho kabla hujamwachia kalamu.

Kwa kalamu zinazotumia nibu za Bock au Jowo, ambazo ni kampuni za kutengeneza nibu, tahadhari moja: zote mbili zina nibu za saizi namba 6, kwa macho zinafanana, lakini hesi za vikonyo vyake, vile vipande vinavyoshika nibu na kuingia kwenye kalamu, hazilingani. Uliza jina la mtengenezaji wa nibu pamoja na namba.

Ukishafunga nibu mpya, jaza wino, iache kalamu ielekee chini dakika chache, kisha andika ukurasa mzima kwa mwendo wako wa kawaida. Ikikwaruza upande mmoja tu, tumia lensi uangalie kama ncha mbili, za kila upande wa mpasuo, ziko sawa. Iliyopanda juu isukume kidogo kwa ukucha, kidogo sana, ujaribu tena. Nibu ya zamani ioshe, ikaushe, itie kwenye bahasha uandike jina la kalamu na herufi ya upana, uiweke ndani ya boksi la zawadi. Ikiwa imepigwa mhuri 585 au 750, hiyo ni dhahabu ya karati 14 au 18, kwa hiyo boksi lisikae mahali watoto wanapochezea.