Jinekomastia: mwanamume anaposema "kifua" akimaanisha titi

Kwa Kiswahili chetu cha kila siku mwanamume hana titi, ana kifua. Ndiyo maana kijana wa Uyole au Mafinga akigundua kitu kigumu nyuma ya chuchu, akipata ujasiri wa kwenda zahanati, husema tu "kifua kinanisumbua". Sasa kifua, kwa masikio ya mhudumu wa afya, ni kikohozi. Ataulizwa kama anatokwa jasho usiku, kama amepungua uzito, kisha atapewa kikopo cha makohozi. Anarudi nyumbani na kikopo chake, na uvimbe uko palepale chini ya sweta. Kwa baridi ya Makete au Njombe, sweta linaweza kuficha jambo hilo miezi mingi.

Basi tuliite kwa jina lake. Mwanamume ana titi. Anazaliwa na chembechembe za tezi ya maziwa kama dada yake, ila zake hubaki zimelala. Kinachozilaza ni uwiano wa homoni mbili, testosteroni na estrojeni, na mwanamume anazo zote mbili. Sehemu kubwa ya estrojeni yake hutengenezwa kutokana na testosteroni yenyewe, hasa kwenye mafuta ya mwili. Testosteroni ikishuka, au estrojeni ikipanda, tezi inaamka na kuanza kukua. Huko kuamka ndiko kunaitwa jinekomastia, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwanamke na titi. Kwangu mimi ni jina lililochaguliwa vibaya, maana linamtisha mtu kwamba anageuka mwanamke, na hageuki chochote.

Mkononi huhisika kama kisahani cha mpira, ukubwa wa kifuniko cha soda hivi, kimekaa katikati chini ya chuchu, kinasogea kidogo ukikisukuma. Kinauma kikiguswa. Shati likikikwaruza, au mkanda wa begi ukipita juu yake, mtu anakunja uso. Mara nyingi ni pande zote mbili, ingawa upande mmoja unaweza kutangulia.

Si kila kifua kilichojaa ni jinekomastia. Mtu aliyenenepa anaweza kuwa na mafuta matupu. Njia ya kutofautisha ni rahisi: lala chali, weka dole gumba na kidole cha shahada pande mbili za titi, uvisogeze taratibu kuelekea chuchu. Vikikutana na kile kisahani njiani, hiyo ni tezi. Vikifika kwenye chuchu bila kugonga kitu, ni mafuta.

Kuna umri ambao jambo hili ni la kawaida kabisa. Mtoto mchanga wa kiume anaweza kuzaliwa na vititi vilivyovimba kwa sababu ya homoni za mama yake, na huisha vyenyewe baada ya wiki chache. Hapa niwaombe bibi zetu: msivikamue. Kukamua ndiko kunaingiza vijidudu na kuleta jipu. Kisha kuna kubalehe. Inakadiriwa kwamba nusu ya wavulana, pengine zaidi, hupitia hali hii, hasa wakiwa na miaka 13 au 14, na kwa wengi huondoka ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Mwanafunzi wa bweni anayesubiri wenzake wote watoke bafuni ndipo aoge hajui kwamba nusu ya wale waliotoka wana siri hiyohiyo. Halafu hurudi uzeeni, baada ya miaka 50, testosteroni inapopungua.

Nje ya umri huo, swali la kwanza liwe: unatumia dawa gani? Kwetu Nyanda za Juu Kusini swali hili lina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 uliipa Njombe maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, mikoa mitatu iliyoongoza nchini. Miongoni mwa dawa za kufubaza virusi, efavirenzi inajulikana kukuza matiti ya wanaume. Ilikuwamo kwenye kile kidonge kimoja cha zamani. Kuanzia 2019 wagonjwa wengi walihamishiwa kwenye kidonge chenye dolutegraviri. Anayehisi uvimbe akiwa kwenye dawa aseme kliniki, abadilishiwe ikibidi. Kuacha kimyakimya ni kumkaribisha mgeni mbaya zaidi. Dawa nyingine zinazojulikana kwa jambo hili ni spironolaktoni, inayopunguza maji mwilini kwa wagonjwa wa moyo na ini, simetidini ya vidonda vya tumbo, ketokonazo ya fangasi inapomezwa, na zile sindano za kutunisha misuli zinazouzwa kwa kunong'ona kwenye jimu.

Ini nalo lina kesi. Ini lililoharibika, kwa homa ya ini aina ya B au kwa pombe ya miaka mingi, huvuruga uwiano wa homoni. Bilauri ya ulanzi wa masika haioteshi mtu matiti. Miaka ishirini ya kulewa kila siku ni habari nyingine. Figo zilizoshindwa kazi na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi zimo pia kwenye orodha. Na kuku wa kisasa, wanaosingiziwa kila kijiwe cha bodaboda? Hukua haraka kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa na chakula wanacholishwa. Kuwalaumu kunampotezea mtu muda wa kuulizwa habari za dawa zake.

Saratani ya titi kwa wanaume ipo, lakini ni adimu: katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, mwanamume ni kama mmoja, na mara nyingi ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Uvimbe wake una tabia tofauti. Ni mgumu kama jiwe, mara nyingi hauumi, uko upande mmoja, na huweza kukaa pembeni ya chuchu badala ya katikati. Chuchu ikizama ndani, ikitoa damu, ngozi ikivutika au ikipata kidonda, au tezi zikivimba kwapani, usisubiri hata wiki. Ajabu ni kwamba maumivu ndiyo yanayowatisha watu, wakati uvimbe usiouma ndio unaotakiwa kutisha.

Ukifika kwa daktari, iwe kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, usiseme kifua. Sema "titi langu la kushoto lina uvimbe", taja ulianza lini, na beba dawa zako zote mfukoni. Huenda ukapigwa picha ya ultrasaundi, au sindano nyembamba ikachukua chembe za kupima. Kama ni jinekomastia ya kubalehe utaambiwa usubiri; ikiwa imekaa zaidi ya mwaka, tezi hugeuka kovu gumu na dawa hazifanyi kitu, hapo upasuaji ndio huiondoa. Na usishangae daktari akikuomba ushushe suruali. Uvimbe wa kwenye korodani unaweza kumwaga homoni zinazoamsha titi, na mahali pa kuutafuta ni hapo.