"Mujibu" ya JKT: maana yake, na kwa nini si ajira ya jeshi

Vijana wanaposema "naenda mujibu" wanafupisha maneno marefu: mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Ni mafunzo ya miezi mitatu kwa wahitimu wa kidato cha sita, ambayo sheria inawataka wayapitie kabla ya kwenda chuo. Anayeitwa hajaajiriwa. Hajawa askari wa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) wala hajasaini mkataba wa kazi. Mzazi wa Kibosho akisikia mwanawe "kaitwa jeshini", asianze kupiga hesabu ya mshahara.

Mkanganyiko unatokana na kuchanganya milango mitatu. Mujibu ni mmoja. Wa pili ni kujitolea, ambako kijana huingia mkataba wa miaka miwili na JKT. Maombi yake hupitia ofisi za mkoa na wilaya anakoishi, kwa hiyo kijana wa Moshi anaanzia kwa Mkuu wa Wilaya, si kupanda gari hadi getini Oljoro, kambi ya JKT iliyoko Arusha. Hata matangazo ya kujitolea husema wazi kwamba JKT haitoi ajira. Mlango wa tatu ni JWTZ yenyewe, yenye tangazo lake, uhakiki wa vyeti, usaili na vipimo vya afya. Masharti ya umri na elimu husomwa kwenye tangazo la mwaka husika, si la mwaka juzi lililobaki kwenye simu ya mtu. Anayekuambia atakuuzia nafasi katika mlango wowote kati ya hiyo ni tapeli.

JKT ilianzishwa Julai 10, 1963. Wasomi walipotakiwa kujiunga kwa lazima, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam Oktoba 1966, na Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia. Mujibu ilisitishwa mwaka 1994, ikarudi 2013.

Je, kuna mtihani wa kuingia? Ukitafuta habari za jeshi mtandaoni utakutana na ASVAB, mtihani wa kupima uwezo ambao wanafunzi wa sekondari Marekani huweza kuufanya shuleni. Huo ni wao. Mujibu haina mtihani wa namna hiyo: jina lako linatoka kwenye orodha ya waliomaliza kidato cha sita. Afya ndiyo inayoangaliwa zaidi, na wenye ulemavu unaoonekana huelekezwa Ruvu JKT, mkoani Pwani, yenye miundombinu yao.

Mwito hutoka Mei au karibu na hapo, na majina huwekwa kwenye tovuti ya JKT. Kambi unapangiwa, huchagui. Aliyesoma Arusha, na Oljoro iko pua na mdomo na kwao, anaweza kujikuta Rwamkoma mkoani Mara au Mafinga, Iringa. Nauli ni ya kwenda na ya kurudi, itengwe mapema.

Vifaa ndipo wengi wanapokosea. Bukta ni ya bluu iliyokolea, yenye lastiki kiunoni, inayofika magotini na isiyo na zipu. Ile fupi ya mpira wa miguu haikubaliki. Fulana ni ya kijani. Shuka ni mbili, za bluu bahari. Soksi ni ndefu, nyeusi. Raba za michezo na traksuti ni za kijani au bluu. Kwa kambi za baridi, ongeza nguo nzito, na msidhani Arusha imesamehewa: Juni na Julai alfajiri ya Oljoro inauma. Raba usizinunue siku ya kuamkia safari. Zivae wiki mbili kabla, zilainike, la sivyo mchakamchaka wa wiki ya kwanza utakutoa malengelenge na utaanza kwata ukichechemea.

Kosa baya kuliko la bukta ni kuacha vyeti nyumbani. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, ukiwa bado kambini, na udahili wa vyuo pamoja na maombi ya mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) huangukia kipindi hichohicho. Ndiyo maana maelekezo ya JKT yanataka uje na cheti cha kidato cha nne na cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya mkopo lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na uhakiki huo ufanywe kabla hujaondoka. Mwachie mzazi au kaka nakala ya kila kitu, pamoja na namba yako ya mtihani ya kidato cha nne, maana kambini huwezi kutegemea kuwa na simu mkononi muda wote.