"Maslahi ya umma" kwenye intaneti: siyo kila kinachokuudhi ni cha umma

Tangu tuanze kampeni ya kuhimiza watu waripoti matumizi mabaya ya domeni (majina ya anwani za intaneti, kama yanayoishia na .com au .org), barua zimekuwa nyingi na tunashukuru kwa dhati, maana bila watu kuripoti sisi huku ofisini hatuoni kitu. Ila karibu kila barua inafika na sentensi ileile, "hii inakiuka maslahi ya umma", halafu basi. Umma upi? Umekiukwa vipi? Kimya. Mtu katukanwa kwenye tovuti fulani: maslahi ya umma. Kasahau kulipia domeni ikachukuliwa na mwingine: maslahi ya umma. Mshindani kawahi jina alilolitaka yeye: maslahi ya umma tena, na herufi kubwa.

Historia ya ICANN, shirika linaloratibu mfumo wa majina ya domeni duniani, siirudii, hilo mnalijua. Wengi hawajui kitu kingine, kwamba hili neno lipo kabisa ndani ya katiba ya shirika. Hati zake za kuanzishwa za 1998 zilitaja maslahi ya umma wa dunia katika uthabiti wa utendaji wa intaneti. Zilipoandikwa upya 2016, mwaka ambao mkataba wa serikali ya Marekani wa kusimamia kazi ya IANA (kutunza orodha kuu ya majina na namba za intaneti) uliisha tarehe 1 Oktoba, ikaongezwa kwamba maslahi hayo yanaweza kuamuliwa mara kwa mara, na wa kuyaamua ni jamii ya wadau wote, kwa mchakato ulio wazi unaoanzia chini kwenda juu. Someni tena hapo. Hakuna maana iliyoandikwa. Kilichoandikwa ni nani anaamua na kwa njia gani.

Watu wakisikia hivyo wanakasirika, wanasema huo ni ujanja wa kukwepa. Mimi nilikuwa hivyohivyo nilipoanza hii kazi. Lakini jaribu mwenyewe kuandika maana moja itakayokubalika na serikali, wafanyabiashara, mainjinia, watetezi wa faragha na mtu wa kawaida anayetaka tu imeili yake ifike, uone kama utavuka mstari wa pili. Polisi na wachunguzi wa utapeli wanataka jina na simu ya mwenye domeni vionekane na kila mtu, huo ni usalama wa umma. Mwanaharakati anayejificha anataka visionekane, na huo pia ni usalama wa umma. Sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 ikabidi taarifa nyingi za WHOIS, yaani kumbukumbu za wazi za nani ana domeni ipi, zifichwe, na ubishi wa nani aruhusiwe kuzipata bado haujapoa.

Mfano ninaoupenda ni wa .org, kwa sababu pale neno lilipimwa kwelikweli. Domeni za .org, zaidi ya milioni 10, zinaendeshwa na PIR (Public Interest Registry), taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa na Internet Society. Katikati ya 2019 mkataba wake na ICANN ukafanywa upya na ukomo wa kupandisha bei, ambao ulikuwa asilimia 10 kwa mwaka, ukaondolewa, japo maoni ya umma yalipita 3,000 na mengi mno yalipinga. Novemba hiyohiyo ikatangazwa kwamba PIR inauzwa kwa kampuni ya uwekezaji, Ethos Capital, kwa dola bilioni 1.135. Kelele zikalipuka. Wanunuzi wakaja na ahadi, bei haitapanda zaidi ya wastani wa asilimia 10 kwa mwaka kwa miaka 8, kutakuwa na baraza la kulinda uhuru wa kujieleza, na kadhalika. Mwanasheria Mkuu wa California akaandika barua kutaka mauzo yazuiwe. Tarehe 30 Aprili 2020 bodi ya ICANN ikakataa kutoa idhini.

Angalieni walikataa kwa hoja gani. Hawakusema "watu wamekasirika", ingawa kweli walikasirika. Walisema taasisi inayobanwa na sheria kutumikia umma inageuka kuwa ya kutumikia wawekezaji, inabebeshwa deni la dola milioni 360 ambalo halikuwa la kuwahudumia wenye domeni, na hakuna mpango wa kueleweka wa kuilinda jamii ya .org. Kwa hiyo maswali yalikuwa matatu tu, nani anabeba hatari, alikuwa na sauti au hakuwa nayo, na ahadi zikivunjwa nani ana meno ya kuzisimamia. Ukiniuliza mimi binafsi, siyo kitengo, hiyo ndiyo maana ya maslahi ya umma iliyo karibu zaidi na kitu cha kushika mkononi. Kumbuka pia kwamba maoni yale 3,000 ya kuhusu bei hayakubadilisha kitu, kwa hiyo wingi wa sauti peke yake siyo kipimo, hata kama inauma.

Serikali nazo siyo umma wote, na hapa huwa nakosa uvumilivu kidogo. Zina kamati yao ya ushauri, GAC, na ushauri wake wa pamoja bodi haiwezi kuutupa bila kura ya asilimia 60 na maelezo ya sababu. Kwenye .amazon, iliyoombwa na kampuni ya Amazon, nchi za bonde la mto Amazon zilipinga, bodi ikalikataa ombi 2014, kampuni ikapeleka suala kwa wasuluhishi huru, 2017 ikashinda, maana bodi ilitakiwa ipime yenyewe sababu za umma, siyo kupokea neno la serikali na kufunga faili.

Sasa malalamiko yenu. ICANN haifungi tovuti kwa sababu ya maudhui, kanuni zake zinaikataza kusimamia maudhui, tumeandika hili sijui mara ngapi. Inachoweza kufuatilia ni mkataba wake na rejistra (kampuni inayokusajilia domeni) na rejistri (anayeendesha domeni zote za mwisho mmoja) wa domeni kama .com na .org. Domeni za nchi zina taratibu zake, msituchanganyie kwenye barua moja. Tangu tarehe 5 Aprili 2024 mkataba huo unawalazimisha rejistra na rejistri wachukue hatua kwenye aina tano za uovu: programu hasidi, mitandao ya kompyuta zilizotekwa, kurasa feki za kuiba paswedi, kumhamisha mtu kinyemela kwenda tovuti ya uongo, na spamu, lakini spamu pale tu inapotumika kubeba hizo nne za mwanzo. Matangazo ya kukera hayamo.

Unaanza kwa rejistra, siyo kwetu. Tafuta jina lake kwenye taarifa za usajili za domeni, chukua imeili ya kuripoti uovu, andika URL kamili, tarehe na saa, weka ushahidi, tuma, na tunza uthibitisho kwamba imepokelewa, maana wanatakiwa wakupe. Wasipofanya chochote ndipo unapeleka kwa kitengo cha ICANN cha kusimamia mikataba, pamoja na nakala ya ulichomwandikia rejistra, bila hiyo nakala utarudishwa ulikotoka. Rejistra ataulizwa, atakumbushwa, akiendelea kukaidi anapewa notisi ya ukiukaji yenye siku 21 za kurekebisha, baada ya hapo anaweza kusimamishwa kusajili majina mapya hadi miezi 12 au kufutiwa kibali moja kwa moja.

Na waliopoteza domeni kwa kutolipa: rejistra anatakiwa kukukumbusha kama mwezi mmoja kabla ya kuisha, kama wiki moja kabla, na tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha kama hukulipia na haijafutwa. Ikishafutwa kuna siku 30 za kuikomboa, kwa ada ya ziada, kisha siku 5 za kusubiri, halafu inaachiwa yeyote aichukue. Kama zile imeili ziliingia kwenye spamu, pole sana, ila hilo ni suala lako na imeili yako.

Wenye hoja za sera, siyo malalamiko, mlango wenu ni maoni ya umma ya ICANN, kwa kawaida uko wazi siku 40, bure, na huhitaji kuwa mwanachama wa chochote. Andika nani ataumia, kwa njia gani, na unataka kifungu kipi kibadilike. Na tafadhali, skrinishoti iliyokatwa sehemu ya anwani msitutumie tena, hatuna cha kuifanyia.