Hatujaharibu grini, tumezitoboa

Kila Machi nikiitoa stoo mashine ya kutoboa grini, yaani zile sehemu za uwanja wa gofu zenye nyasi fupi kabisa na shimo la mpira, huwa natega sikio. Mwaka huu hazikupita hata dakika kumi. Mzee mmoja wa klabu, mtu wa heshima zake, alisimama ukingoni mwa grini ya 4, pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni) mkononi, akauliza lile lile ninaloulizwa tangu nianze kazi hii huku Nairobi: "Fundi, nyasi ndiyo kwanza zimeanza kupendeza, nanyi mnazitoboa. Mna kisa gani nazo?"

Basi jibu lake niliandike, nichoke mara moja.

Sikumjibu kwa maneno. Niliokota kipande kimoja cha udongo kilichotemwa na mashine, kirefu kama kidole, nikampa akivunje anuse. Juu kijani. Chini yake sentimita mbili za vishina na mizizi iliyokufa, laini kama sifongo. Chini zaidi, mstari mweusi unaonuka yai viza, na mizizi hai imeishia hapo hapo. Harufu hiyo ni ya udongo usiopata hewa. Grini inakanyagwa na wachezaji, makedi wanaowabebea fimbo na mashine ya kukatia siku zote za mwaka. Inashindiliwa, mabaki yanajazana juu, maji yanakwama. Masika yakiikuta katika hali hiyo, ukungu unaingia, halafu mimi ndiye naitwa kwenye kamati kueleza.

Tupige hesabu. Tundu la milimita 13, moja kila sentimita 5, ni matundu 400 katika mita moja ya mraba. Yakijumlishwa yote ni kama asilimia 5 tu ya uso wa grini. Asilimia 95 hatujaigusa. Kuputi, yaani kusukuma mpira shimoni, kutayumba kidogo, sikatai, lakini nyasi zikiwa na joto na unyevu hujifunga kwa wiki mbili au tatu.

Hapo ndipo inapokuja sentensi inayonitoa jasho: "Basi ngojeni mashindano ya Pasaka yaishe." Pasaka inaweza kuangukia hata tarehe 25 Aprili. Wakati huo udongo umeshalewa maji. Ukipitisha mashine juu yake unashindilia zaidi, na kuta za tundu zinasiribwa kama chungu. Na tukisogeza hadi Julai? Bermuda, nyasi ya grini zetu, ni nyasi ya joto. Kwenye baridi ya Julai inajikunyata, na matundu yatakaa wazi wiki kwa wiki. Wakati wake ni mwanzoni mwa Machi, udongo una unyevu lakini si tope. Mvua ikishuka inakuta njia ya kupita.

Kisha mchanga. Tunaujaza ndani ya matundu ili yabaki njia ya maji na hewa, kwa hiyo si mchanga wowote. Kuna mwanachama aliyewahi kutuletea lori zima la mchanga wa kujengea, bure, kwa moyo safi. Nilitia konzi mbili kwenye chupa ya maji, nikatikisa, nikaiacha dirishani hadi kesho yake. Juu ya mchanga lilikuwa limelala tope laini, unene wa kidole. Tope hilo ndilo lingeziba kila tundu tulilotoboa. Chupa hiyo sijaitupa, na kila anayeniuliza bei ya mchanga uliooshwa namwonyesha hiyo kwanza.

Halafu yule yule anayelalamikia matundu yangu anaangusha mpira kutoka juu, unachimba grini, naye anapita bila kuinama kurekebisha.

Mengine ninayoambiwa nitayapitia mbiombio.

"Mvua ya kwanza, mwaga urea." Urea ina nitrojeni asilimia 46. Nyasi zitafumuka kijani kwa siku chache, kila mtu atakupongeza, huku majani yakikua kuliko mizizi. Na mvua kubwa ikipiga, sehemu nzuri ya pesa yako imekwenda mtoni. Mimi natia kidogo kidogo, mara nyingi.

"Kata fupi kabisa, zisikushinde mvua ikikolea." Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Ukizikwangua zinakula akiba yao, mizizi inafupika, na magugu yanapata jua. Kama zimekushinda, zishushe taratibu: leo kidogo, kesho kutwa kidogo.

"Maji ya mchana yanaunguza majani." Tone halichomi jani la nyasi. Ubaya wa kumwagilia mchana ni maji mengi kupotelea hewani.

"Pandeni mbegu za ile bermuda ya kwenye grini." Bermuda hizo, Tifgreen, Tifdwarf na ndugu zao, ni machotara wasiozaa mbegu. Hupandwa kwa vipande vya vikonyo au kwa mabamba ya nyasi. Anayekuuzia mbegu za Tifdwarf amekuibia.

"Kikuyu ni nyasi ya ng'ombe, ing'oeni kwenye feawei," yaani ile njia ya nyasi inayoelekea grini. Hii ni nyasi ya milima ya huku kwetu, imebeba jina la watu wa huku, na haipandwi huku tu. Uwanja wa gofu wa Riviera kule Los Angeles, palipochezwa mashindano ya US Open ya 1948, feawei zake ni kikuyu, na wachezaji wa kulipwa hupigia juu yake. Ing'oe kwenye grini, hapo nakubali. Kwenye feawei, noa visu vya mashine yako kwanza, halafu uje tuzungumze.