Asilimia 92 ya nini? Dhana potofu kuhusu antioksidanti za majani

Dhana: Dondoo ya majani (kiini kilichotolewa kwa kuyaloweka katika maji au kemikali) yenye namba kubwa maabara hukinga mwili zaidi.

Hii ndiyo inayonichosha. Mteja huja na karatasi ya majibu ya kipimo cha DPPH cha majani yake, "asilimia 92" imepigiwa mstari, anataka nimthibitishie kwamba dawa ya saratani imepatikana. Asilimia 92 ya nini? Ya DPPH iliyozimwa. DPPH ni radikali huru (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, ambayo antioksidanti huizima) ya kutengenezwa, mwilini haipo kabisa. Ukiiyeyusha katika methanoli hutoa rangi ya zambarau. Ukiitilia dondoo yenye polifenoli, yaani antioksidanti za mimea, rangi hufifia kuelekea njano, na mashine husoma kufifia huko kwenye nanomita 517. Basi. Hapo hakuna seli, utumbo wala ini. Tena asilimia isiyotaja kiasi cha dondoo ni maneno matupu, kwa kuwa ukizidisha dondoo nayo inapanda. Niletee IC50, yaani kiwango kinachofuta nusu ya radikali (ikiwa ndogo ndiyo bora), pamoja na ya vitamini C iliyopimwa siku hiyohiyo. Bila hivyo viwili, tusipotezeane muda.

Sasa ingia mwilini. Polifenoli nyingi hazifyonzwi vizuri, na zinazopenya hugeuzwa na utumbo na ini kuwa viambato vingine, glukuronidi na salfeti. Mara nyingi kinachobaki kwenye damu hakifiki hata mikromoli chache kwa lita, ilhali asidi ya yuriki, antioksidanti ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, huwa kati ya 200 na 400. Hayo ni kumwaga kikombe cha maji ziwani. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa hadharani orodha yake ya vipimo vya ORAC (kipimo kingine cha maabara cha nguvu ya antioksidanti), ikilalamika kwamba wauza virutubisho wanavitumia vibaya kutangazia bidhaa.

Sisemi majani hayana faida. Baadhi ya viambato vyake huelekea kuamsha vimeng'enya vya kinga vya mwili wenyewe, kupitia Nrf2 kwa mfano, protini inayowasha jeni za kinga hiyo. Ila hilo DPPH haiwezi kulipima.

Dhana: Radikali huru zote ni adui.

Chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria. Na kuzima kila kitu kuna gharama: katika utafiti wa Finland uliotolewa 1994, wanaume wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, nayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Dhana: Ni majani tu, hayadhuru.

Chai ya kijani kikombeni sawa. Dondoo yake nzito ni jambo jingine: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 za EGCG (polifenoli kuu ya chai ya kijani) kwa siku kutoka kwenye virutubisho huhusishwa na dalili za ini kuumia.

Dhana: Unga ukiwa kijani zaidi una nguvu zaidi.

Kijani ni klorofili. Polifenoli nyingi hazina rangi hiyo. Kausha majani kivulini, uyahifadhi mbali na mwanga na unyevu. Na kama wewe unachemsha majani kwa maji, usininukulie majibu ya dondoo ya methanoli. Hukunywa hiyo.