Nguvu ya Enema ya Sabuni Haipimwi kwa Povu

Siku hizi maswali yanayofika kwenye kitengo chetu cha elimu ya afya yamekuwa yakizunguka jambo moja: enema ya maji ya sabuni, yaani kuingiza maji hayo kwenye njia ya haja kubwa ili mtu apate choo, au kupigwa bomba kama wengi wanavyoita. Mmoja alitokwa jasho na kuona kizunguzungu kabla hajafika chooni. Mwingine tumbo lilimsokota usiku kucha. Wa tatu alifanyiwa wodini bila shida, akajaribu mwenyewe nyumbani, ikamchoma vibaya. Anauliza kwa nini, wakati sabuni ni ileile tu.

Si ileile, na shida inaanzia hapo.

Maji matupu au maji ya chumvi huchochea haja kwa kuutanua utumbo mpana. Sabuni huongeza kitu kingine: huusumbua utando laini wa ndani, na misuli hujibu kwa kukaza na kusukuma. Kwa hiyo ile nguvu ya sabuni ambayo watu wanaisifu ni muwasho. Muwasho kidogo huleta haja. Ukizidi, utando huvimba, huchubuka, huweza kutoa damu. Madaktari wameandika kuhusu uvimbe wa utumbo unaosababishwa na enema ya sabuni kwa miongo mingi, na baadhi ya wagonjwa waliishia kufanyiwa upasuaji.

Sabuni inayotumika hospitalini ni ya maji, laini, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, ile iitwayo sabuni ya Castile. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, katika lita 1 ya maji, ingawa pakiti nyingine zina maelekezo yao na hayo ndiyo ya kufuatwa. Sabuni ya mche ya kufulia, sabuni ya unga na ile ya kuoshea vyombo hazina nafasi hapa hata kwa tone. Zina kemikali za kung'oa mafuta na manukato ambayo utumbo haukuumbwa kuyapokea. Nasikitika kwamba jambo hili bado linahitaji kusemwa.

Nilimhudumia mama mmoja aliyekuja na kopo alilochanganyia. Alikuwa amekoroga mche wa sabuni ya kufulia kwenye maji ya moto mpaka povu likajaa juu. Kopo lilikuwa bado linateleza mkononi, na ndani, juu kidogo ya nusu, palikuwa na utepe mweupe wa sabuni iliyoganda. Aliniambia aliona maji hayo mepesi mno akaongeza. Alikuwa anatoa ute wenye damu. Hakuwa mzembe, alikuwa na siku sita bila choo na hakuna aliyemwambia kwamba povu ni hewa tu, na hewa hiyo ikiingia tumboni huongeza msokoto bila kuongeza faida. Ndiyo maana sisi hutangulia kuweka maji, kisha sabuni, na tunachanganya taratibu.

Kwa wale wanaolalamika kwamba wauguzi wanachelewa, utaratibu wenyewe ni huu. Agizo la daktari husomwa na jina la mgonjwa huthibitishwa. Mgonjwa huelezwa na kuridhia. Maji hupimwa joto, nyuzi 40 hadi 43 kwa mtu mzima. Yakizidi huunguza, yakipoa huleta msokoto. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, goti la kulia likiwa limekunjwa. Mpira wa kupitishia maji hupakwa kilainishi na kuingizwa sentimita 7 hadi 10, bila kulazimisha. Mfuko wenye maji huinuliwa sentimita 30 hadi 45 juu ya usawa wa mgonjwa, kwa sababu ukipandishwa zaidi maji huingia kwa kasi. Akisema tumbo linauma, tunabana mpira na kusubiri. Kisha huandikwa: saa, aina ya sabuni, kiasi kilichoingia, kilichotoka, rangi yake, na hali ya mgonjwa. Muuguzi anayekadiria sabuni kwa macho au asiyeandika huitwa kujieleza, na mgonjwa akidhurika suala huweza kufika kwenye baraza la taaluma. Hatuandiki kwa kupenda makaratasi.

Wengine wanaamini kwamba ikichoma ndiyo inafanya kazi. Si kweli, na naomba tuiache kauli hii. Msokoto wa dakika chache unaoisha baada ya haja ni wa kawaida. Kuchoma ni dalili ya kusimamisha. Wengine hurudia mpaka maji yatoke meupe; hata wodini hatuzidishi mara tatu bila kumrudia daktari, kwa sababu kurudia huvuruga maji na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, na moyo huweza kuathirika. Wapo pia wanaodai kila mjamzito lazima apigwe bomba kabla ya kujifungua. Zamani ilikuwa desturi. Shirika la Afya Duniani halishauri kutumia enema ili kuharakisha uchungu.

Usijaribu nyumbani kama una maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo, hasa yakiambatana na kutapika au homa. Vilevile kama una mimba, umefanyiwa upasuaji wa utumbo karibuni, unatokwa damu njia ya haja kubwa, au una ugonjwa wa moyo au figo. Mtoto asifanyiwe bila agizo la daktari.

Na kama tayari umetumia na maumivu yanazidi badala ya kupungua, tumbo limekuwa gumu, unaona damu, una homa au umezimia, nenda hospitali sasa hivi. Usiingize maji ya limau au siki kuiua sabuni. Usione haya kusema ulichotumia. Beba pakiti ya sabuni au hata kipande kilichobaki, maana swali la kwanza la daktari litakuwa ni sabuni gani, na ulitia kiasi gani.