Msituni na watoto wadogo: anzeni Zigi, Amani juu itawasubiri

Kama unaishi Tanga mjini na una mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano, msitu wa kwanza kumpeleka ni ule wa Zigi, kwenye mlango wa chini wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Nalisema hili mapema kwa sababu familia nyingi huja zimeshapanga kupanda mpaka Amani juu siku hiyohiyo, waone bustani ya mimea, mashamba ya chai na maporomoko, halafu wawe wamerudi mjini kabla ya magharibi. Mtu mzima anaweza. Mtoto anafika kule amechoshwa na gari, kona zimemtapisha, na msitu wenyewe anapitishwa akiwa amelala begani kwa baba yake.

Mimi nimesomea mimea na kazi yangu ni kuongoza watu msituni. Wageni ninaowapenda kuliko wote ni watoto ambao hawajaanza shule. Hao hawaulizi tumebakiza kilomita ngapi. Wanaona vitu vilivyo chini ya goti, na misitu ya Usambara Mashariki imejaa vitu hivyo.

Kutoka Tanga mnakwenda kwa lami hadi Muheza, kisha mnaingia barabara ya kuelekea milimani. Zigi iko kwenye mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati Amani yenyewe iko kwenye mita 900. Hapo Zigi mtakuta nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, ya enzi za Wajerumani, pale ilipoishia reli ndogo iliyokuwa ikishusha magogo hadi Tengeni. Siku hizi ndiyo kituo cha wageni. Lipieni kiingilio, chukueni mwongozaji, na mwambieni umri wa watoto kabla hamjapiga hatua. Mwongozaji asiyejua umri wa watoto wenu atawapeleka njia ya watu wazima.

Njia yenyewe ihesabuni kwa saa, msiihesabu kwa umbali. Saa mbili zinatosha. Ndani ya saa hizo mtoto wa miaka minne huenda asimalize hata kilomita moja, na hiyo ni safari kamili. Kuna bibi mmoja alikuja na mjukuu wake, mama wa mtoto akawa anahimiza, "Twende, twende, wenzetu wametuacha." Bibi akamwambia, "Mwanangu, wamekwenda wapi? Msitu si uko hapahapa?" Mtoto alikuwa amechutama mbele ya gogo lililooza, anaangalia jongoo.

Nizungumze kidogo kuhusu huyo jongoo, maana ndiye mwalimu wangu mkuu wa njiani. Jongoo wa misitu hii ni wakubwa, weusi wenye kung'aa, na mwendo wao ni wa taratibu kiasi kwamba mtoto anaweza kumfuata bila kukimbia. Mwambie mtoto aangalie pingili za mwili wake: karibu kila pingili ina jozi mbili za miguu, na miguu hiyo huinuka kwa mawimbi yanayotoka nyuma kwenda mbele. Akiguswa, hujiviringisha. Akiudhiwa zaidi hutoa majimaji yenye harufu kali, ambayo huacha doa la kahawia kwenye ngozi na yakiingia jichoni yanaumiza. Kwa hiyo tunamwangalia, au tunampandisha kwenye kijiti kisha tunamrudisha chini pamoja na kijiti chake. Mtupa jongoo hutupa na mti wake, na hapo mtoto anaiona methali hiyo kwa macho yake. Mikono iliyomgusa inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula.

Halafu mfundishe kumtofautisha na tandu. Tandu ni bapa, ana mbio, na kila pingili ina jozi moja tu ya miguu. Huyo anauma na sumu yake inauma sana, wala haguswi hata kwa kijiti. Jongoo anakula majani yaliyooza na kuyarudisha kuwa udongo. Tandu anawinda. Nimeona watoto wa miaka mitano wakiushika ukweli huu kwa dakika chache, wakaanza kuwasahihisha wazazi wao.

Kitu kingine kinachowashika watoto ni sauti. Simamisha kundi zima, kila mtu afumbe macho na kuhesabu polepole hadi ishirini. Kama hondohondo wako karibu, mtawasikia mabawa yao kabla ya kuwaona, mvumo mzito wa hewa juu ya miti. Ndege hawa hula matunda na kusambaza mbegu, zikiwemo za Maesopsis, mti ulioletwa ambao si wa asili ya milima hii na umeenea sana Amani kwa msaada wao. Mtoto mdogo hahitaji somo la miti vamizi. Kwake inatosha kujua kwamba ndege anapanda miti bila jembe. Mkiwa na bahati mtaona pia mbega, weusi kwa weupe, wakiruka kutoka tawi hadi tawi.

Kinyonga naye mumpe nafasi. Wazazi wengi wa kwetu wanamwogopa, na woga huo unahamia kwa mtoto kwa kelele moja tu. Kinyonga hana sumu. Usambara Mashariki ina aina nyingi, wakiwemo wadogo mno wa rangi ya jani kavu, wanaokaa chini kabisa karibu na ardhi, mahali ambapo jicho la mtoto hufika kabla ya la mtu mzima. Msimng'oe kutoka kwenye tawi lake.

Sasa mto. Zigi ni maji yaleyale yanayokwenda kukusanywa bwawa la Mabayani, ambako Tanga mjini hupata maji yake, na mtoto akiambiwa kwamba haya ndiyo yanayotoka bombani nyumbani, uso wake hubadilika. Lakini mto una tabia moja ambayo wageni wengi hawaijui. Mvua inaweza kunyesha juu Amani huku Zigi kuna jua, na baada ya muda maji yakashuka kwa nguvu, yamechafuka na yamepanda. Ukiona maji yanabadilika rangi kuwa ya udongo, au majani na vijiti vinaanza kuja kwa wingi, toeni watoto mtoni mara moja, hata kama mbingu juu yenu ni nyeupe. Kwa sababu hiyohiyo, kwa watoto sipendekezi masika, Machi hadi Mei. Katika vuli, Oktoba hadi Desemba, ulizeni kwanza hali ya njia. Na popote maji yanapotulia msioge, kwa ajili ya kichocho.

Njiani mtu mzima atangulie, mtoto awe wa pili. Kifutu hulala juu ya majani makavu na rangi yake inamficha kabisa, kwa hiyo macho ya mbele yawe ya mtu anayejua anachokitafuta. Gogo halirukwi: unalikanyaga kwanza, unaangalia upande wa pili, ndipo unashuka. Mikono haiingizwi kwenye mashimo. Mkikuta siafu wanavuka njia, mbebe mtoto mvuke haraka, na kama wameshampanda, ondokeni kwanza pale walipo, kisha mtoeni mmoja mmoja kwa vidole, maana siafu akishang'ata haachii kwa kupanguswa. Upupu ni wa kuangalia zaidi wakati wa kiangazi, maganda yake yakishakauka, na hupenda kingo za njia na mashamba ya zamani. Nywele zake zikimpata mtoto, asijikune. Mvue nguo, zitoe nywele kwa kubandika selotepu na kuibandua, ndipo umwoshe.

Mavazi: suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika. Asiyefikisha miaka mitatu abebwe mgongoni kwa kanga, maana kigari cha kusukuma hakifai hata hatua kumi za njia ile. Chakula kiwe cha kushikwa mkononi. Vitumbua, mihogo ya kuchemsha, na machungwa ya Muheza mnayonunua njiani. Maganda na takataka zote mnarudi nazo.

Amani juu ni ya mtoto aliyekwisha onja Zigi, tuseme kuanzia miaka sita au saba, na inataka mlale huko usiku mmoja. Chukueni sweta. Bustani ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kujaribu mimea ya kibiashara kutoka sehemu mbalimbali za dunia, na kwa mtoto mimi huifanya kuwa mchezo wa pua: mwombeni mwongozaji awaokotee jani la mdalasini lililoanguka, walisugue, wanuse, kisha watafute mti uliolidondosha. Kwenye miamba yenye kivuli na unyevu kuna ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo hili, alituma mbegu zake kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaupa mmea huo jina Saintpaulia ionantha. Leo unapandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, lakini porini maeneo yake ni machache na madogo. Mtoto aliangalie kwa karibu akiwa amefunga mikono nyuma.

Mapango ya Amboni yako karibu zaidi na mjini, na najua wengi mtauliza. Kwa watoto wadogo sana mimi huyaacha: kuna giza, popo, na sehemu za kupita kwa kuinama. Mtoto aliyeogopa pangoni leo atakataa msitu kesho.

Mkirudi nyumbani, kung'uteni viatu nje, vueni nguo zote, na mkague mtoto kwa kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Kupe avutwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, taratibu, bila kumminya tumbo. Na kwa kuwa mbu wa bonde la Zigi ni wengi, mtoto akipata homa katika wiki zinazofuata, msimpe dawa ya malaria kwa kukisia. Mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo, na mwambieni mhudumu kwamba alikuwa msituni.